Chumba cha Tatu: Jinsi ya Kusoma Ripoti za Kamati za Upatanishi Bungeni

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi wa sheria, na ndugu zangu wa vyombo vya habari ambao mmeshafungua kompyuta kabla hata sijasalimu: hamjambo, na asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa historia ya sheria. Mada ni pana, na kule nyuma naona vikombe vya chai vinapangwa, kwa hivyo nitabana. Nitasema juu ya karatasi moja tu, ambayo watafiti wengi huipita mbio wakielekea kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Ni ripoti ya kamati ya upatanishi.

Mtu akitaka kujua Bunge lilikusudia nini katika kifungu fulani, hufanya nini? Hufungua Hansard ya siku mswada uliposomwa mara ya pili, akamtafuta msemaji aliyesema maneno matamu, akamnukuu. Wakili hufanya hivyo, mwandishi hufanya hivyo, na mwanafunzi wa uzamili hufanya hivyo kwa sura nzima ya tasnifu. Shida ni kwamba yule msemaji mtamu mara nyingi hakuwapo kifungu kilipopewa maneno yake ya mwisho. Tangu Machi 2013 Kenya ina mabunge mawili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Yakikosana juu ya mswada unaogusa kaunti, maneno ya mwisho hayatungwi huku wala kule. Hutungwa na watu wachache katika chumba cha tatu, na wakitoka humo huacha ripoti.

Njia yenyewe imo katika Katiba, Kifungu cha 112 na cha 113, na ni fupi kiasi cha kuisoma ukisubiri matatu ijae. Bunge moja likipitisha mswada na la pili likaukataa, mswada huenda upatanishi. La pili likiupitisha kwa marekebisho, unarudi kwa lile la kwanza. Lile la kwanza likiyakataa marekebisho, ni upatanishi vilevile. Maspika wawili huteua kamati yenye idadi sawa ya wanachama kutoka kila upande. Kamati ikikubaliana juu ya nakala moja, kila Bunge huipigia kura, kuikubali au kuikataa. Yakikubali yote mawili, Spika wa Bunge la Kitaifa humpelekea Rais mswada ndani ya siku saba. Kamati ikishindwa kukubaliana ndani ya siku thelathini, au Bunge moja likiikataa nakala hiyo, mswada umekufa.

Shikeni hapo penye kufa. Bila hapo hutaielewa ripoti hata moja.

Mwanzo wetu haukuwa mzuri. Mwaka 2013 Bunge la Kitaifa lilipitisha Mswada wa Ugavi wa Mapato, ule unaogawa pesa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, ukizipa kaunti shilingi bilioni 190. Seneti, ambayo ilikuwa na miezi michache tu tangu izaliwe upya, ikapandisha hadi bilioni 258. Spika wa Bunge la Kitaifa, Justin Muturi, akampelekea Rais Uhuru Kenyatta mswada bila kupitia upatanishi, na mwezi Juni ukatiwa saini. Spika wa Seneti, Ekwee Ethuro, akaenda Mahakama ya Juu kuomba ushauri. Tarehe 1 Novemba 2013 majaji walio wengi wakasema mswada ule unahusu kaunti na kwamba njia ya Kifungu cha 112 na cha 113 ilipaswa kufuatwa. Jaji Njoki Ndung'u hakukubaliana na wenzake. Msomeni pia, hasa kwa kuwa yeye mwenyewe aliketi katika Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya Katiba. Maoni ya wachache yanafundisha utafiti kuliko ya wengi, kwa sababu mwenye kupinga hulazimika kuchimba.

Kwa mtafiti, funzo la mwaka ule ni dogo lakini linaokoa muda. Ukitafuta ripoti ya upatanishi ya sheria ya ugavi wa mapato ya 2013 hutaipata, wala usimsumbue mkutubi. Haikuandikwa. Na ukiandika juu ya sheria hiyo, kukosekana kwa ripoti ndiyo habari yenyewe.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Mswada wa Ugavi wa Mapato ndio unaorudi upatanishini mara kwa mara, na uzuri wake ni kwamba ugomvi ni wa tarakimu, kwa hivyo mtu anaweza kupima nani alisogea na kwa kiasi gani. Kwenye kifungu cha maneno matupu kila upande utakwambia umeshinda.

Chukueni miaka mitatu. Mwaka 2019 Bunge la Kitaifa lilianza na bilioni 310, Seneti ikasema 335. Kamati ya kwanza ikashindwa na mswada ukafa. Ukaletwa wa pili, Bunge la Kitaifa likiwa limepanda hadi 316.5, Seneti ikabaki pale pale 335, kamati nyingine ikakaa, na mwezi Septemba ikatoka na 316.5. Mwaka 2024 sheria ya 400.1 ilikuwa imeshatiwa saini mwezi Juni. Kisha Mswada wa Fedha ukaangushwa na maandamano, serikali ikaleta mswada wa kupunguza fungu la kaunti hadi 380, Seneti ikakataa kushuka, na mwishoni mwa mwaka kamati ikatoka na 387.4. Mwaka 2025 Bunge la Kitaifa lilisema 405.1, Seneti 465, kamati ikatoka na 415.

Sasa kaeni na kalamu. Mwaka 2019 pengo la mwanzo lilikuwa bilioni 25, na Bunge la Kitaifa lilisogea 6.5, yaani asilimia 26 ya njia. Mwaka 2024 pengo lilikuwa 20.1, likasogea 7.4, karibu asilimia 37. Mwaka 2025 pengo lilikuwa bilioni 59.9, likasogea 9.9, kama asilimia 17. Hakuna mwaka ambao walikutana katikati. Mara zote tatu nakala iliyoitwa ya upatanishi ilikaa karibu na Bunge la Kitaifa.

Kwa nini? Rudini kwenye ile kanuni ya kufa. Mwaka 2019 mswada ulipokufa, Bunge la Kitaifa halikuumia. Walioumia ni kaunti, ambazo mwaka mpya wa fedha ulikuwa umeanza tarehe 1 Julai na hazikuwa na sheria ya kuzipa pesa. Kila siku iliyopita ilimnyonga seneta, si mbunge. Mwaka 2024 mambo yaligeuka. Mswada wa kupunguza ukifa, kilichobaki kitabuni ni ile sheria ya Juni yenye 400.1. Kwenye karatasi, safari hii Seneti ndiyo iliyokuwa na haki ya kusubiri. Na ndio mwaka ambao Bunge la Kitaifa lilisogea zaidi kwa asilimia, ingawa Seneti nayo haikupata zile 400.1 zake, kwa sababu sheria kusema ulipwe ni jambo moja na Hazina ya Kitaifa kuwa na pesa ni jingine.

Miaka mitatu haitoshi kuwa sheria ya maumbile, na msije mkaniandika kesho gazetini kwamba nimegundua kanuni. Ninachowaambia ni namna ya kusoma. Kabla hujafungua ripoti ya upatanishi, jiulize nani angeumia mswada ukianguka. Ukishajua hilo, maneno kama "baada ya mashauriano ya kina kamati ilikubaliana" yanaanza kuwa na maana.

Maana ripoti yenyewe haitakwambia. Hapa ndipo ninapokuwa na neno na makarani wetu wa Bunge, kwa heshima zote. Ripoti hizi zina umbo moja. Utangulizi unaotaja Katiba, safari ya mswada, majina ya wanachama, orodha ya vikao, msimamo wa Seneti, msimamo wa Bunge la Kitaifa, kilichokubaliwa, saini, kisha viambatisho. Misimamo miwili huelezwa vizuri kwa kuwa tayari ilikuwa kwenye Hansard. Lakini ukifika kwenye kilichokubaliwa, sababu zinakauka. Ni kama kusimuliwa posa. Wazee wametoka ndani, mahari imetajwa, kila mtu anatabasamu, na hakuna atakayekwambia nani alishuka na kwa ahadi gani.

Kwa hivyo nawasihi msianze ukurasa wa kwanza. Anzeni viambatisho. Kumbukumbu za vikao ndizo nyama. Humo utaona kikao gani kiliahirishwa kwa kukosa akidi, nani alihudhuria kila mara na nani alituma udhuru, wizara gani iliitwa na siku gani. Ukiona kikao cha tatu kimevunjika bila mwafaka, na cha nne kina afisa wa Hazina mezani, na mwafaka ukapatikana siku hiyohiyo, hujapata ushahidi wa kutosha kortini, lakini umejua swali la kwenda kumuuliza mwanachama wa kamati.

Kisha fanyeni kazi ya mkono. Wekeni mezani nakala tatu: mswada kama ulivyopitishwa na Bunge la kwanza, marekebisho ya Bunge la pili, na nakala iliyotoka upatanishini. Someni kifungu kimoja kwa zote tatu, kisha kinachofuata, vivyo hivyo hadi mwisho. Inachosha. Hakuna programu ninayoiamini kwa kazi hii, maana mara nyingi hati moja kati ya hizo imepigwa picha vibaya na herufi zimefifia. Kwa kila kifungu jiulize kimetoka kwa nani. Vingi vitakuwa na mzazi mmoja, vingine viwili. Mara mojamoja utakutana na kifungu ambacho hakikuwa huku wala kule. Hapo simama, agiza chai. Katiba yetu imeipa kamati kazi ya kujaribu kuandaa nakala ambayo mabunge yote mawili yatapitisha. Maneno hayo ni mapana, hayaifungi kamati kwenye zile tofauti tu. Lakini Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge kushirikisha wananchi katika kutunga sheria, na kifungu kilichozaliwa chumba cha tatu wananchi hawakupata nafasi ya kukitolea maoni. Kesi nzuri inaweza kuanzia hapo, na habari nzuri pia.

Wenzetu wa Marekani wamefanya hivi muda mrefu kuliko sisi, na inafaa kuangalia karatasi zao, hata kama hatutaziiga. Mabunge yao mawili yakitofautiana, yanaweza kuunda kamati ya pamoja, nayo hutoa hati yenye sehemu mbili. Ya kwanza ni maneno ya sheria yaliyokubaliwa. Ya pili ni maelezo ya pamoja, na hapo ndipo ninapowaonea wivu. Maelezo hupangwa kifungu kwa kifungu: mswada wa Baraza la Wawakilishi ulisema hivi, marekebisho ya Seneti yalisema vile, makubaliano ni haya. Kwenye sheria za kodi huongeza mbele yake sheria ilivyo sasa. Msomaji hahitaji meza ya nakala tatu, ameshapangiwa. Wao pia wana kanuni kwamba wajumbe wa kamati wasivuke mipaka ya tofauti za mabunge mawili, na mjumbe akiona wamevuka anaweza kusimama kupinga.

Kwa sababu hiyo mahakama zao zimezipa hati hizi uzito mkubwa. Mwaka 1981, katika kesi ya Demby dhidi ya Schweiker, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kwamba baada ya sheria yenyewe, ripoti ya kamati ya pamoja ndiyo ushahidi wenye nguvu kuliko wote wa makusudio ya Bunge, kwa kuwa ndiyo kauli ya mwisho iliyokubaliwa na pande zote mbili. Jaji Antonin Scalia, kwa miaka yake yote katika Mahakama ya Juu, hakutaka kusikia habari hizo. Kwake kilichopigiwa kura ni maneno ya sheria, basi. Mimi simfuati mpaka mwisho, lakini onyo lake linafaa kwa ripoti zetu, ambazo sababu zake ni chache.

Wala msidhani Marekani mambo yamebaki kama vitabu vinavyosema. Siku hizi kamati rasmi za pamoja zimekuwa adimu. Viongozi hupatana pembeni na mswada ukarushwa huku na huku mpaka ukatulia. Sheria yao ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2022 haikupitia kamati rasmi. Maelezo yaliwekwa kwenye kumbukumbu za Bunge, na sheria yenyewe ikatamka kwamba maelezo hayo yachukuliwe kana kwamba yametoka kwa kamati ya pamoja. Mtafiti anayetafuta ripoti yenye namba rasmi atasema hakuna, na atakuwa amekosea.

Turudi nyumbani. Kuna majina mawili yanayowachanganya hata waandishi wazoefu. Mswada wa Ugavi wa Mapato hugawa pesa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti zote kwa jumla. Mswada wa Mgao wa Mapato ya Kaunti hugawa fungu hilo kati ya kaunti 47. Wa pili ni mswada maalumu chini ya Kifungu cha 111, na njia yake ni tofauti. Bunge la Kitaifa haliwezi kuurekebisha wala kuupinga bila theluthi mbili. Ukinukuu ripoti ya mmoja kwa hoja ya mwingine, wakili wa upande wa pili atakushukuru.

Na ripoti ya upatanishi si lazima iwe karatasi ya mwisho. Mswada wa Mgongano wa Maslahi ulipita upatanishi, mabunge yote mawili yakaikubali nakala ya kamati, watu wakapongezana. Mwezi Aprili 2025 Rais William Ruto akaurudisha Bungeni na waraka wa kutaja alichotaka kibadilishwe, kama Kifungu cha 115 kinavyomruhusu. Sheria ilitiwa saini tarehe 30 Julai 2025. Anayesoma ripoti ya kamati na kuacha waraka wa Rais atanukuu maneno ambayo huenda hayamo tena kwenye sheria. Kabla ya kunukuu chochote kutoka upatanishini, fungua sheria yenyewe kwenye tovuti ya Kenya Law, linganisha kifungu hicho neno kwa neno.

Naona kuna mkono kule. Swali la dada ni kama majaji wetu watakubali ripoti hizi. Jibu fupi ni kwamba usizipeleke kama silaha ya kwanza. Mahakama zetu zilirithi desturi ya Kiingereza, na huko Uingereza kwenyewe mlango wa Hansard mahakamani ulifunguliwa mwaka 1992 tu, kwenye kesi ya Pepper dhidi ya Hart, tena kwa masharti: sheria iwe na utata, na kauli inayonukuliwa iwe wazi na ya mwenye mswada. Anza na maneno ya sheria. Onyesha utata. Ndipo ulete ripoti, na uilete na Hansard ya siku mabunge mawili yalipoipigia kura, kwa sababu siku hiyo mwenyekiti wa kamati husimama kuieleza. Yale aliyoyaficha mwandishi wa ripoti, mwenyekiti huyatoa kwa mdomo, hasa akichokozwa na mbunge wa upande wa pili. Mimi nikipewa saa moja tu juu ya sheria iliyopatanishwa, nusu saa naipa Hansard ya siku hiyo.

Mwisho ni namna ya kuzipata, kwa sababu najua hilo ndilo mlilokuja kuuliza. Ripoti zilizowasilishwa hupandishwa kwenye tovuti ya Bunge, lakini si zote na si kwa mpangilio mmoja. Kwa kuwa kamati ni ya pande mbili, tafuteni upande wa Seneti na upande wa Bunge la Kitaifa. Mara nyingi iliyokosekana huku ipo kule, au huku ipo bila viambatisho na kule ipo kamili. Ukikosa kote, chukua orodha ya karatasi zilizowasilishwa kwenye Hansard upate tarehe. Kisha mwandikie Karani wa Bunge husika barua ukitaja jina la mswada, namba yake na mwaka, tarehe ya kuwasilishwa kwa ripoti, na useme wazi kwamba unataka na viambatisho. Taja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo inampa afisa siku 21 za kukujibu. Weka nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, maana siku ya 22 utaihitaji.

Chai imefika. Nitakuwa pale kwenye meza ya dirishani, na nimekuja na ripoti mbili za 2019, iliyoshindwa na iliyofaulu, kwa atakayetaka kuzisoma sambamba.